Kikoba kiwe mwajiri wenu: jinsi sisi wa mwalo tulivyojipanga na bima ya afya

Mwakeye jamani. Naanza na kilichotokea ili mjue kwa nini nimekaa chini kuandika. Mwenzetu mmoja wa kikoba, mume wake alibanwa na ngiri usiku wa saa nane, maumivu mpaka anauma shuka, kulipokucha wakampeleka hospitali akapasuliwa na mpaka leo yuko fiti anavua kama kawaida. Ila ili apasuliwe iliuzwa mashine ya boti, afu iliuzwa nusu ya bei, maana mnunuzi wa mwalo (pale boti zinapotia nanga na samaki kuuzwa) akikuona saa moja asubuhi unauza injini, hujanawa uso, khanga umeifunga kiunoni, anajua kabisa huna muda wa kubishana naye. Jamaa akakaa karibu miezi minne anavua kwa kibarua kwenye boti la mtu, na yule dada hisa zake kikobani zikasimama, mtoto wa sekondari akarudishwa nyumbani. Kulazwa kwenyewe zilikuwa siku chache tu!

Mi ni katibu wa kikoba hapa Kibirizi, Kigoma mjini, nakausha na kuuza dagaa, sio nesi wala sio mtu wa serikali. Lakini baada ya ile mashine kuuzwa tulikaa kikao kirefu na toka siku hiyo tumekuwa na utaratibu wetu, na watu wa vikoba vingine (Katonga huko, Ujiji, hata shemeji yangu aliyepo Urambo kwenye tumbaku) wananiuliza mlifanyaje mlifanyaje, sasa badala ya kueleza kwenye simu kila siku naandika mara moja.

Kwanza elewa shida iko wapi, maana wengi tunajisema vibaya eti sisi ni wabahili hatupendi bima. Sio kweli. Angalia mwalimu wa shule ya msingi hapo jirani, yeye anakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, mwajiri anaongezea 3 nyingine, inakuwa 6 inaingia mfuko wa bima, kadi inamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wengine wanne. Hajawahi kuamka asubuhi akajiuliza leo nilipe bima au ninunue unga, hela inakatwa kabla hajaiona. Sasa mimi mwalo, hela yangu inakuja na giza. Mwezi ukiwaka dagaa hawaji kwenye taa, boti zinapumzika, wiki nzima au zaidi hakuna kitu, afu giza likirudi unapata, na ukipata kuna madeni yanakusubiri mlangoni. Ndo mtu anakuja kuniambia lete ya mwaka mzima kwa mkupuo, tena mimi na watoto wote. Kwa hiyo mwalimu na mimi tofauti yetu sio akili, yeye ana mtu wa kumkatia kidogo kidogo na kumwongezea, mi sina. Tulichofanya sisi ni kukigeuza kikoba kiwe huyo mtu.

Hii habari ya afya kwa wote sio ya Dodoma peke yake. Mwaka 2015 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana malengo ya maendeleo ya kufikia 2030, na kwenye lengo la 3, lile la afya, kuna kipengele cha 3.8 kinachosema kila mtu apate huduma anayohitaji, yenye ubora, bila kufilisika kwa kuilipia. Mi napenda hilo neno la kufilisika kuwemo humo maana wengi tunadhani afya kwa wote maana yake ni majengo mengi ya zahanati basi. Wanapima vitu viwili, huduma zimefika wapi, na watu wangapi wanatumia sehemu kubwa ya hela ya nyumbani kwa matibabu. Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia walitoa ripoti 2023 wakasema watu kama bilioni 4.5 duniani, zaidi ya nusu ya binadamu wote, hawapati huduma muhimu kikamilifu, na karibu bilioni 2 wanaumizwa na gharama. Ile mashine ya boti iliyouzwa imo kwenye hesabu ya namna hiyo. Hapa kwetu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, inataka kila mtu awe na bima, na wasio na uwezo walipiwe kutoka mfuko maalumu.

Na msidhani ni mambo mapya kutoka mbali. CHF yenyewe, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilianza kujaribiwa mwaka 1996 Igunga, hapo hapo Tabora kwa majirani zetu, ndo baadae ikatungiwa sheria 2001 na kuenea. Ile iliyoboreshwa ya 2018 ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, ikiishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Nataja kwa sababu watu bado wanaibeba ile bei kichwani kama nauli ya zamani ya daladala. Vifurushi vinabadilika, sheria mpya imebadilisha mengi, kwa hiyo bei ya kutumia kwenye hesabu zenu ni ile mliyoambiwa ofisini wiki hii, sio ya jirani ya mwaka juzi.

Haya, tuanze kazi.

Daftari kabla ya hela

Kosa la kwanza tulilofanya sisi ni kuchangisha kwanza. Tukachanga, afu tukagundua nusu ya watu hawana vitambulisho, hela ikakaa kwenye sanduku, ikaanza kukopwa, mkajua yaliyofuata. Kwa hiyo chukueni daftari jipya, la bima peke yake usichanganye na la hisa, kila mwanachama apewe ukurasa wake. Andika kila mtu anayelala na kula kwenye hiyo nyumba, umri wake, ana namba ya NIDA au hana, ana cheti cha kuzaliwa au hana, ana ugonjwa wa kudumu kama presha au kisukari au hana. Hapo kwenye ugonjwa katibu uwe na mdomo mzito, mtu akisikia ya kwake yamefika kisimani hatakuja tena.

Utashangaa. Sisi tulidhani kaya ni watu 6 kama fomu zinavyosema, kumbe kuna nyumba ina watu 9, 11, kuna mjukuu ameachwa na mama yake aliyeko Mpanda, kuna mdogo wake mume, kuna bibi. Watu wa Kigoma tunazaa na tunalea wa wenzetu, fomu haijui hilo. Sasa hapo ndipo unapotakiwa kutumia akili ya kupanga nani aingie kwenye zile nafasi.

Cha kufanya, weka alama pembeni ya jina la kila mtu ambaye kwa sera ya serikali tayari anastahili msamaha kwenye vituo vya umma. Watoto chini ya miaka 5. Mama mjamzito kwa huduma za ujauzito na kujifungua. Wazee wa miaka 60 kwenda juu wasiojiweza. Na matibabu ya kifua kikuu, ukoma na dawa za VVU hayalipiwi. Wengi hawajui haya au wanajua nusu, mtu anauza kuku ili apeleke mtoto wa miaka miwili zahanati kumbe huyo hakutakiwa kulipa kumuona daktari. Kama nafasi kwenye kadi ni chache na watu ni wengi, mtoto wa miaka 2 anaweza kusubiri, mpe nafasi yule wa miaka 7 ambaye hana pa kujificha. Lakini angalia na yule wa miaka minne na nusu, huyo katikati ya mwaka anatoka kwenye msamaha na hajaingia kwenye kadi, sisi alitushika mmoja hivyo hivyo, malaria ikampanda wiki tatu tu baada ya kutimiza miaka 5. Na malaria huku kwetu sio ya kucheza nayo, utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta Kigoma ndo inaongoza kwa watoto wadogo wenye vimelea, karibu mmoja kati ya wanne, na ule wa 2022 ukakuta Tabora ndo imeshika namba moja.

Msamaha nao usiuamini kwa macho yaliyofumbwa. Msamaha unakufikisha kwa daktari, dawa ikiwa imeisha unaandikiwa karatasi unaenda kununua duka la dawa, na hapo hela ni yako. Ndo maana bado tunahitaji mfuko wa kikoba, nitafika huko.

Vitambulisho

Hapa pafupi ila panachosha. Mtu mzima anahitaji NIDA au angalau namba yake, mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa. Watoto chini ya miaka 5 wanasajiliwa bure ofisi ya kata na kwenye vituo vinavyotoa huduma za mama na mtoto, usimpe mtu hela ya kukusaidia kuharakisha. Wakubwa ni RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Sisi wa mpakani maswali ya uraia huwa marefu kidogo, ulizaliwa wapi, babu yako alizikwa wapi, kwa hiyo anza mapema, beba barua ya mwenyekiti wa mtaa, kadi ya kliniki, cheti cha shule cha mzazi, chochote chenye jina. Sisi tulichagua dada mmoja mwenye subira (kila kikoba kina mmoja) akawa anaenda na watu watatu watatu, nauli inatoka mfuko wa jamii. Ilituchukua miezi miwili na nusu kumaliza. Mtu akienda mwenyewe anarudi amekata tamaa mara ya kwanza tu akiambiwa rudi Jumatatu.

Maswali ya kuuliza ofisini

Msiende kundi zima, nendeni watatu, mmoja awe anaandika. Mwenyekiti wetu alienda peke yake mara ya kwanza akarudi na kijitabu kizuri chenye picha za watu wanacheka na hakukumbuka hata bei. Uliza kifurushi kilichopo sasa ni kipi na kinagharimu kiasi gani kwa kaya na kwa mtu mmoja. Uliza kinaishia wapi, yaani zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Maweni ambayo ndo hospitali yetu ya mkoa, au kinavuka mpaka hospitali ya Bugando Mwanza, maana rufaa zetu kubwa zinaelekea huko na mgonjwa hawezi kuligundua hilo akiwa kwenye basi anapita Nyakanazi. Uliza ukilipa leo inaanza kufanya kazi lini. Uliza kisichomo: miwani, meno, vipimo vikubwa, dawa zipi. Uliza mtu wa saba na wa nane wa kaya wanaongezwaje. Na uliza kama kikundi chenye cheti cha halmashauri kinaweza kusajiliwa pamoja, maana vikoba vingi siku hizi vimeshasajiliwa chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 na hicho cheti kina kazi zaidi ya kupamba ukuta.

Malipo yafanyike kwa kontroo namba tu, kwa simu au benki, meseji ya malipo ipigwe picha na ibandikwe kwenye ukurasa wa mwanachama. Mtu akikwambia mama mkubwa nipe mkononi mi nitakuingizia, ukoo wenu uheshimu lakini hela usimpe.

Kukusanya hela kwa kufuata giza

Hapa ndo moyo wa jambo, nisikilize vizuri. Vikoba vingi vinagawa bei kwa wiki 52 au miezi 12, inaonekana nzuri kwenye karatasi, afu mwezi wa tatu watu wameshaanguka. Kwa sababu wiki zetu hazilingani. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, makubaliano ya nchi zote nne zinazozunguka Tanganyika, na mi sina ugomvi na kufungwa, samaki walikuwa wamepungua kweli, ila miezi mitatu hiyo ni wiki 13 ambazo mwalo ulikuwa kimya unasikia mpaka kunguru. Sasa toa 13 kwenye 52 inabaki 39. Halafu kila mwezi uliobaki toa wiki moja ya mbalamwezi, ni miezi tisa, unabaki na wiki 30. Hizo ndo wiki za kuchangia. Kifurushi kikiwa 30,000 kama ile CHF ya zamani ni 1,000 kwa wiki, ukiambiwa 150,000 ni 5,000 kwa wiki ya giza, na wiki ya mwezi mtu hadaiwi, hafainiwi, haangaliwi vibaya.

Wale wa tumbaku kule Urambo na Kaliua hesabu yenu ni nyingine kabisa, nyie hela inakuja kwa mkupuo mkiuza, kwa hiyo kikoba chenu kikate siku ya malipo ya tumbaku, siku ile ile, kabla pikipiki mpya hazijaanza kuonekana mtaani. Wa mawese nao wanajua msimu wao. Usiige kalenda ya mtu mwenye mshahara wala usiige ya kwangu.

Kingine, siku ya kuvunja kikoba. Ile siku kila mtu ana hela mkononi na ana furaha, mapochopocho yanapikwa, na ndo siku watu wanaahidi mambo. Sisi tuliweka kwenye katiba yetu kwamba bima inakatwa kabla ya kugawana, sio baada. Aliyepungukiwa wiki kadhaa anajaziwa kutoka gawio lake mwenyewe, anapewa kinachobaki pamoja na kadi iliyohuishwa. Walinuna wawili mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakununa mtu, na mmoja wa walionuna ndo mtoto wake alivunjika mkono akicheza kwenye mitumbwi.

Na muingie wote. Mtakuta kuna wazima wanasema mi siumwi kwa nini nichangie, na kuna wenye presha wanataka kuingia wao tu haraka. Mkiwachukua wagonjwa peke yao hamjafanya bima, mmefanya foleni. Mfuko unaishi kwa sababu wengi wanachangia mwaka ambao hawaumwi, na mwaka wako ukifika unakuta hela ya wenzako ipo. Huyo kijana anayejiona chuma mwambie chuma ndo kiliuza mashine ya boti.

Asiyeweza kulipa

Kila kikoba kina watu ambao hata 1,000 ya wiki ya giza ni mlima. Kwetu walikuwa watatu, wajane wawili na bibi mmoja anayelea wajukuu. Kulikuwa na mjadala mrefu, kuna aliyesema hao watoke tu wanatushusha, mwenyekiti akamjibu dada yangu, ukiwatoa hao hiyo sio afya kwa wote ni afya kwa sisi, kikao kikanyamaza.

Tulichofanya, bibi kwanza tulimpeleka kwa mtendaji wa mtaa akaandikiwa barua, kisha kwa afisa ustawi wa jamii, akapata kitambulisho cha mzee cha matibabu, sasa anapita dirisha la wazee. Hiyo haikutugharimu kitu zaidi ya nauli na asubuhi mbili. Wajane, mmoja alikuwa tayari yuko kwenye mpango wa TASAF wa kaya masikini, jina lake lipo kwenye orodha, na kaya za namna hiyo ndo za kwanza kuulizia zinapopangwa kulipiwa, kwa hiyo hakikisheni majina yao ya kwenye orodha yanafanana na ya NIDA, herufi kwa herufi, maana mtu anaweza kupoteza haki kwa ajili ya herufi moja. Huyo wa pili hakuwemo popote, ni maskini wa kutosha kushindwa ila sio maskini wa kutosha kuandikwa, wapo wengi sana hao. Yeye tulimjazia nusu kutoka faini za wachelewaji. Mi naona ndo matumizi mazuri kuliko yote ya faini, watu wanachelewa vikao kwa amani kabisa siku hizi.

Mfuko huo maalumu wa serikali nao una vyanzo vyake kwenye sheria, vikiwemo ushuru wa vileo, soda na vipodozi, kwa hiyo wifi yangu anayepaka mkorogo na kunywa soda mbili kwa siku ni mfadhili mkubwa wa afya asijijue.

Nauli ni bima pia

Kadi haibebi mgonjwa. Ukiwa Kalya au Sigunga huko kusini mwa ziwa, hospitali kubwa iko mbali na njia ni maji, usiku ziwa limechafuka, boti linataka petroli na nahodha anataka hela kabla. Wataalamu wa vifo vya uzazi wanasema kuna kuchelewa kwa aina tatu, kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa ukishafika. Bima inasaidia ile ya tatu kidogo na ya kwanza kidogo, ya pili haigusi.

Kwa hiyo tenga mfuko wa nauli, tofauti na wa bima, tofauti na hisa. Kwetu ni 500 kwa kila kikao. Sheria yake ni moja: unatolewa usiku huo huo bila kikao. Watunza funguo watatu wasikae mitaa mitatu, wawili wakae karibu, na sehemu ya hela iwe kwenye simu ya mweka hazina sio kwenye sanduku, maana sanduku lenye kufuli tatu saa nane usiku ni jiwe tu. Kubaliana mapema na bodaboda wawili, bajaji moja, na kama uko mwambao basi na mwenye boti, bei iandikwe kwenye daftari wakati hakuna anayeumwa. Anayerudishwa hai anarudisha hela kidogo kidogo bila riba, na akifariki, deni linafutwa.

Kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au kichanga mwenye dharura, piga 115, ni bure, ni mfumo wa m-mama, wanatafuta gari la wagonjwa na likikosekana wanampa kazi dereva wa kawaida aliyesajiliwa na kumlipa wao. Namba hiyo tumeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa kila mwanachama mwenye mimba, mkaa haufutiki haraka na simu inaweza kuwa imeisha chaji lakini ya jirani ipo. Maswali mengine ya afya ni 199, Wizara ya Afya, nayo bure.

Na tusidharau vitu vidogo. Hospitali yetu ya mkoa hapa Kigoma, kati ya 1984 na 1991, Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake walishusha vifo vya uzazi kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mpaka 186, na hawakujenga hospitali mpya, walikuwa na orodha ya mambo 22, mengi ni ya kutumia vizuri vilivyokuwepo. Kigoma hii hii, ya miaka ya themanini, barabara unazijua zilivyokuwa.

Ukishafika kituoni

Anzia chini, zahanati au kituo cha afya, chukua barua ya rufaa kama tatizo ni kubwa. Ukiruka moja kwa moja hospitali ya mkoa kwa kikohozi, kadi inaweza kukataliwa utalipa mwenyewe, isipokuwa dharura, hiyo kimbia popote. Kadi ioneshe mapokezi kabla ya kitu chochote, usisubiri uambiwe bei. Ukitozwa hela omba risiti, kwa upole, sema samahani nesi naomba risiti nipeleke kwenye kikundi. Hilo neno kikundi lina nguvu yake. Mimi kwenye kituo kimoja niliwahi kutozwa kwa mtoto wa miaka mitatu, nilipoomba risiti ikaonekana kumbe kuna makosa, hela ikarudi, bila kelele wala kupigana picha. Ukiambiwa dawa hakuna, uliza jina la dawa yenyewe sio la kampuni, na uliza kama kuna nyingine inayofanya kazi hiyo hiyo iliyopo dirishani. Rudi na majibu hayo kwenye daftari: tarehe, dawa gani ilikosekana.

Kwa nini uandike? Kwa sababu kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake, na siku hizi hela za kituo zinaingia kwenye akaunti ya kituo chenyewe, kamati inakaa na mganga mfawidhi kupanga zinunue nini. Ukisimama kwenye mkutano ukasema dawa hamna, utajibiwa tunalishughulikia. Ukisimama ukasema toka Januari mpaka Machi wanachama wetu wamekosa dawa ya presha mara saba, tarehe hizi hapa, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Uchaguzi wa kamati ukija pelekeni mtu wenu agombee, sisi tulimpeleka yule dada mwenye subira.

Mwisho wa kazi ni tarehe. Kadi inaisha kimya kimya, haikuamshi. Andika tarehe za kuisha kwenye jalada la mbele la daftari kwa wino mwekundu, na siku 45 kabla katibu aanze kusoma majina kila kikao, kwa sauti, baada ya sala na kabla ya mikopo. Ya kwetu inaisha katikati ya ule msimu wa kufungwa ziwa, tulikosea kupanga, kwa hiyo mwaka huu tunailipa mapema, mwezi wa nne, dagaa wakiwa bado wapo.